Marekani: Ubingwa wa futiboli ya vyuo vikuu wapanuliwa, miji ya mechi za zamani yabaki na viti tupu

Tarehe 7 mwezi wa 12 mwaka wa 2025, timu ya futiboli ya chuo kikuu cha Notre Dame, katika jimbo la Indiana, ilikataa kucheza. Ilikuwa imeshinda mechi 10 mfululizo na kupoteza 2 tu, zote za mwanzo wa msimu. Lakini kamati ilipotangaza timu 12 zitakazowania ubingwa wa nchi, jina lake halikusomwa. Siku ile ile viongozi wake wakatangaza kwamba msimu umekwisha. Mechi ya Pop-Tarts Bowl, huko Orlando, ikabidi itafutiwe timu nyingine, na Georgia Tech ndiyo iliyokwenda kupambana na BYU.

Kwa msomaji wa Goma au Lubumbashi, jambo hili linahitaji maelezo. Futiboli hii si mpira wa miguu. Ni ule mchezo wa kofia ngumu, ambamo mpira unabebwa mkononi. Vyuo vikuu zaidi ya 130 vinacheza katika daraja la juu, na viwanja vya vile vikubwa vinaingiza watu zaidi ya 100.000. Kwa muda mrefu msimu haukuwa na fainali. Timu nzuri zilialikwa kucheza mechi moja ya mwisho katika mji wenye joto, wakati kwao ni baridi na theluji. Mechi hizo zinaitwa bowl, maana yake bakuli, kutokana na umbo la viwanja. Ya kwanza ilichezwa Pasadena, California, tarehe 1 mwezi wa kwanza 1902. Mwaka wa 1935 ikaja miji ya New Orleans, Miami na El Paso.

Sababu ya mechi za bakuli haikuwa mpira peke yake. Wenye hoteli na wafanyabiashara wa miji hiyo walitaka wageni wakati wa baridi. Mashabiki walikuja na familia, wakalala siku tatu au nne, wakala, wakanunua. Bingwa wa nchi alipatikana kwa kura za waandishi wa habari na za makocha, na mara nyingine kura zilitoa mabingwa wawili. Watu walibishana mwaka mzima, na hakuna aliyekufa kwa ajili ya ubishi huo.

Mwaka wa 2014 vyuo vikaanzisha michuano ya timu 4. Msimu wa 2024 zikawa 12. Mechi sasa ni 11: nne za kwanza zinachezwa nyumbani kwa timu zilizopangwa juu, robo fainali na nusu fainali zinazungushwa katika mechi 6 kubwa za bakuli, yaani Rose, Sugar, Orange, Cotton, Peach na Fiesta, kisha fainali inakwenda katika mji mwingine.

Wanaotetea upanuzi wana hoja yenye nguvu. Msimu wa 2024 Ohio State ilipangwa ya 8 na ikachukua ubingwa. Msimu uliofuata Indiana, chuo ambacho kwa miaka mingi kilikuwa cha kuchekwa katika mchezo huu, kilishinda mechi 16 bila kupoteza hata moja, na kuipiga Miami 27 kwa 21 katika fainali. Boise State, ya jimbo la Idaho, isiyo ya ligi tajiri, ilifika robo fainali mwaka wa 2024. Mji wa Boise unajulikana kwa Wakongomani wengi: ni mmoja wa miji iliyopokea familia za wakimbizi kutoka mashariki mwa nchi yetu.

Wanasema pia kwamba mechi za bakuli zilikuwa zimeanza kuoza zamani. Ni kweli kwa sehemu. Mwezi wa kwanza 2016, Jaylon Smith wa Notre Dame aliumia goti vibaya katika Fiesta Bowl, miezi michache kabla ya kuingia NFL, ligi ya kulipwa. Alichaguliwa wa 34, wakati wengi walimtazamia juu kabisa. Mwisho wa mwaka ule ule, Christian McCaffrey na Leonard Fournette walijitoa katika mechi zao za mwisho ili wasivunjike. Leo kujitoa namna hiyo ni kawaida. Mwishoni mwa 2023, Florida State, iliyokuwa haijapoteza mechi hata moja lakini ikanyimwa nafasi kati ya zile 4, ilikwenda Orange Bowl bila wachezaji wake wengi. Georgia ikaifunga 63 kwa 3.

Lakini timu 12 zimeongeza kidonda. Wakati nafasi zilikuwa 4, kuzikosa hakukuwa aibu, maana karibu wote walizikosa. Sasa timu ya 13 inajiona imefungiwa mlango usoni. Mechi ambayo baba zao wangeisimulia maisha yote, wachezaji wanaiona kama zawadi ya kufariji. Notre Dame haikuwa peke yake. Kansas State na Iowa State, zilizokuwa zikibadilisha makocha, nazo zilikataa, na ligi yao, Big 12, ikatoza kila moja faini ya dola 500.000. Kanuni inataka ushindi wa mechi 6 ndipo timu ialikwe. Mwaka ule waandaaji walibisha hodi hata kwa zile zenye ushindi 5, na kadhaa zikasema hapana.

Je, mechi hizi zitakufa? Inaonekana hapana, na hapo ndipo penye utata. Televisheni ya ESPN inamiliki yenyewe zaidi ya 10 kati yake, na inazihitaji kujaza jioni za mwezi wa 12, kwa sababu mamilioni ya Wamarekani wanazitazama wakiwa kwenye kiti cha nyumbani. Kamera haijali kama upande wa pili wa uwanja ni mtupu. Mwenye hoteli anajali. Mtazamaji wa televisheni halali kitandani kwake, wala halipi teksi.

Na hata shabiki mwenye timu ndani ya zile 12 anahesabu mfuko wake. Mfuasi wa Ohio State aliyetaka kuona kila mechi mwaka wa 2024 alianzia nyumbani Columbus, akaruka hadi California, kisha Texas, kisha Atlanta, yote ndani ya mwezi mmoja. Wengi wanaruka mji wa kwanza wakingoja fainali ambayo pengine haitafikiwa.

Hata Rose Bowl, mkubwa wao, umeinama. Mechi yake ilipangwa saa nane mchana ili jua lizame nyuma ya milima wakati mpira unachezwa, picha ambayo kila Mmarekani mpenda mchezo huu anaijua. Mwaka huu wa 2026 ilianza saa saba, ili isisukume ratiba ya televisheni ya robo fainali inayofuata.

Nyuma ya yote kuna pesa. Mkataba mpya wa ESPN kwa michuano ya ubingwa unafikia dola bilioni 7,8 kwa miaka 6. Na tangu 2025, baada ya kesi mahakamani, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20,5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Mkuu wa chuo anayetafuta pesa hizo hatazitafuta El Paso.

Ligi mbili tajiri, Big Ten na SEC, ndizo zenye usemi mkubwa, na hazijapatana. Big Ten inataka timu 24, SEC inapendelea 16. Muda wa kuamua ulipofika mwezi wa kwanza 2026 bila mapatano, msimu huu ukaachwa na timu 12. Zikifika 24, mechi za ubingwa zitakuwa 23, na mizunguko ya kwanza itachezwa katika viwanja vya vyuo vyenyewe. Boise ina mechi yake ya bakuli, inayodhaminiwa na wakulima wa viazi wa Idaho na kuchezwa kwenye uwanja wa nyasi za buluu, kila mwezi wa 12, katika majuma yale yale.