Barabara ya Moyale: Haki, Si Hisani

Zamani mkazi wa Marsabit alipofunga safari ya Nairobi, aliwaaga jirani zake kwa kusema kwamba anakwenda Kenya. Usemi huo haukuwa mzaha. Ulikuwa hukumu juu ya serikali, na shahidi wake mkuu alikuwa barabara.

Njia hiyo huanzia Isiolo, ikavuka mto Ewaso Nyiro huko Archer's Post, ikapita Merille na Laisamis, ikapanda mlima Marsabit, kisha ikateremkia jangwa la mawe la Dida Galgalu hadi Turbi na Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 500. Kwa zaidi ya miaka arobaini baada ya uhuru wa 1963, lami ilikomea Isiolo. Kutoka hapo yalikuwa mawe na vumbi wakati wa kiangazi, na tope mvua iliponyesha. Wasafiri walipanda juu ya malori ya ng'ombe, mara nyingine wakilindwa na askari wenye bunduki, na safari ya Moyale hadi Nairobi iliweza kuchukua siku tatu. Mgonjwa mahututi na mama mwenye uchungu wa kuzaa hawakuwa na njia nyingine.

Dhiki hiyo haikuletwa na ukame. Wakoloni waliifunga Kaskazini kwa sheria ya 1902, watu wasiingie wala kutoka pasipo kibali. Baada ya uhuru, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye ardhi yenye rutuba na mvua, mahali palipokwisha kuwa na usafiri na umeme. Hivyo asiye na barabara alinyimwa barabara kwa kuwa hana barabara. Katika enzi ya chama kimoja tukaimbiwa kwamba siasa mbaya ni maisha mabaya, na maendeleo yakawa zawadi ya wapiga makofi.

Kazi ya lami ilianza 2007, na kufikia 2017 ilikuwa imefika Moyale. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika na Umoja wa Ulaya, na mikopo hulipwa kwa kodi ya kila Mkenya. Siku tatu zimekuwa chini ya siku moja. Tunafurahi, lakini hatumpigii mtu magoti, kwa maana deni lililolipwa kwa kuchelewa haligeuki sadaka.

Tena kazi haijakwisha. Tangu 1993 kila anunuaye mafuta hutozwa ushuru wa kutunza barabara. Wananchi wana haki ya kuelezwa ni kiasi gani kinachorudi Kaskazini kuziba mashimo. Katiba ya 2010, kifungu cha 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji, yaani nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyosahauliwa. Muda wake ni miaka ishirini. Utakwisha 2030 Bunge lisipouongeza, na fedha zake zimekuwa zikichelewa mno.

Basi ajapo mtu kukuomba kura, usimshukuru kwa lami uliyoilipia. Muulize: je, 2030 utasimama upande gani? Asiyejibu, mnyime kura.