Utafiti wa Ziwa Tanganyika: kwa nini Kiingereza chake kinamhusu mvuvi wa Kibirizi

Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Hapa Kibirizi mitumbwi ilivutwa nchi kavu, na akina mama wanaoanika dagaa wakakosa cha kuanika. Kauli iliyosikika sana siku zile ilikuwa hii: "Utafiti unaonyesha samaki wamepungua." Msikilizaji mmoja akatuuliza: huo utafiti uko wapi, na sisi tunaweza kuusoma?

Upo. Sehemu yake unaweza kuipata hata kwa simu uliyoshika sasa hivi. Lakini umeandikwa kwa Kiingereza, tena si kile cha kidato cha nne. Mwalimu wa sekondari anayesoma gazeti la Kiingereza bila shida anaweza kukwama ukurasa wa kwanza.

Kiingereza cha watafiti kina desturi zake. Kubwa ni kwamba kila dai hupimwa uzito kabla ya kuandikwa. Mtafiti mzoefu haandiki tu kwamba joto limepunguza samaki. Ataandika kwamba vipimo vyake vinaashiria hivyo, au kwamba jambo hilo linawezekana, na kila neno lina daraja lake. Asiyejua madaraja hayo atasoma makala nzima na kuondoka na maana nyingine kabisa.

Chukua mfano wa ziwa letu. Agosti 2003, jarida la Nature lilichapisha makala ya Catherine O'Reilly na wenzake wanne. Walieleza kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto, kwa hiyo hayachanganyiki vizuri na maji baridi ya chini. Rutuba iliyoko chini haipandi juu. Mimea midogo ya kijani inayoelea majini hupungua, na hiyo ndiyo mwanzo wa chakula cha dagaa. Wakakadiria kwamba uzalishaji huo huenda umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo lingeweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Neno lililobeba makadirio hayo lilikuwa "may", yaani huenda. Herufi tatu tu.

Mwaka 2006 Jouko Sarvala wa Finland na wenzake wakajibu: samaki wanaovuliwa wanabadilika hasa kwa sababu uvuvi wenyewe umebadilika, si kwa sababu ya hali ya hewa. Mwaka 2016 Andrew Cohen wa Marekani na timu yake wakaja na ushahidi wa tope lililochimbwa chini ya ziwa. Mabaki ya samaki ndani ya tope hilo yanaonyesha kupungua kulikoanza kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaingia ziwani.

Sasa angalia kinachobishaniwa hapo. Kama tatizo ni nyavu, kufunga ziwa miezi mitatu kuna mantiki. Kama tatizo ni joto, kufunga hakuwezi kuyapoza maji, na mvuvi anabebeshwa lawama ambayo si yake peke yake. Mimi naona ushahidi unaelekea kwenye yote mawili. Ila mabishano haya yameendelea miaka zaidi ya 20, yanahusu sufuria ya nyumba zetu, na mtu aliyekokota nyavu miaka 30 hakuweza kuyasikiliza, achilia mbali kuchangia.

Wapo wanaosema Kiswahili hakina maneno ya kubeba mambo haya. Si kweli. Tuna huenda, yumkini, inaelekea, yaonekana, bila shaka. Mzee anayesoma mawingu alfajiri anazitofautisha vizuri kabisa. Uzito hupotelea njiani. Mtafiti anaandika "huenda". Muhtasari wa ofisini unasema "inaonyesha". Ikifika mwaloni imekuwa "imethibitika".

Ungetegemea mtafiti mzawa ndiye awe daraja, na wapo wanaofanya kazi hiyo. Dkt. Ismael Kimirei, aliyefanya kazi kituo cha Kigoma cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, kabla ya kuwa Mkurugenzi Mkuu wake, jina lake lipo kwenye makala za kimataifa kuhusu ziwa hili. Lakini hebu tufuate njia ya kijana wa hapa anayetaka kufika huko. Nyumbani anaongea Kiha. Shule ya msingi ya serikali anafundishwa kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Chuoni anajifunza Kiingereza cha kujibu mtihani. Kisha siku moja anaambiwa: andika makala ya jarida. Nani alimfundisha? Mara nyingi hakuna. Anaokoteza kwa kusoma makala za wengine, kama mtu anayejifunza kushona nyavu kwa kuangalia kwa mbali.

Sarufi si tatizo lake pekee. Sisi tumelelewa kuanza na salamu na kueleza tulikotoka kabla ya kugusa shina la jambo. Makala ya kisayansi inataka ulichogundua kiwekwe kwenye muhtasari wa juu kabisa, halafu ndipo ueleze ulivyopima. Ukichelewa, mpitiaji anachoka. Anairudisha na maneno yanayojulikana sana kwa watafiti wetu: mtafute mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kuzaliwa akurekebishie. Huduma hiyo hulipiwa, mara nyingi kwa dola.

Hali hii imepimwa. Mwaka 2023 Tatsuya Amano, mtafiti wa Kijapani anayefanya kazi Australia, na wenzake walichapisha katika PLOS Biology majibu ya watafiti 908 wa mazingira kutoka nchi 8. Nigeria ilikuwemo, Tanzania hapana. Wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza walieleza kukataliwa makala kwa sababu ya lugha mara 2.5 hivi zaidi ya wenzao, na kuambiwa warekebishe Kiingereza mara 12 na zaidi. Kwenye kuongea ni hivyo hivyo. Mada yenyewe unaweza kuikariri, dakika zako zikapita salama. Maswali baada ya hapo hayakaririki, hasa mwulizaji akiwa na lafudhi ambayo hujawahi kuisikia. Sisi wa redio tunalijua hilo: kusoma taarifa ni jambo moja, mahojiano ya moja kwa moja ni jambo jingine.

Kwa hiyo wengi hubaki wakusanyaji. Wanapima maji, wanahesabu samaki, wanaongea na wavuvi, na mwingine ndiye anayeandika. Anayeandika ndiye anayeamua swali la utafiti ujao.

Mashua za kwenda Gombe huondokea hapa hapa Kibirizi, na Gombe ina funzo lake. Jane Goodall alianza kazi huko mwaka 1960. Tangu miaka ya 1970, Watanzania waliofuata sokwe porini kila siku wamekuwa wakiandika kumbukumbu zao kwa Kiswahili, na baadaye zinatafsiriwa kwa Kiingereza. Januari 1974 Hilali Matama alishuhudia madume wa kundi moja wakimvamia dume aliyeitwa Godi, tukio lililofungua habari ya "vita" vya sokwe iliyosomwa dunia nzima. Kiswahili hicho kilitosha kabisa kuona, kupima na kuandika. Ila daftari peke yake halikuingia jaridani mpaka ligeuzwe lugha, na vitabu vilivyosifika havikuandikwa na walioshika madaftari hayo.

Na tuvuke ziwa. Nchi nne zinachangia maji haya: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mtafiti wa Uvira au wa Bujumbura amesomea Kifaransa, kwa hiyo majarida makubwa yanamtaka avuke mto mwingine tena. Wakati huo huo wavuvi wa Kigoma, wa Uvira na wa Rumonge wakikutana katikati ya ziwa usiku wanaelewana kwa Kiswahili bila mkalimani.

Kuacha Kiingereza si jibu, kwa maoni yangu. Mabishano ya 2003 hadi 2016 yatajibiwa mahali yalipoandikwa, na nataka kijana wa Kigoma awemo akijibu. Afundishwe basi, kama fundi anavyofundishwa kazi, tangu mwaka wa kwanza wa chuo: kuandika muhtasari, kupima uzito wa dai, kujibu swali mbele ya watu. Kwa walio tayari na intaneti, mpango wa AuthorAID umekuwa ukitoa bila malipo kozi za mtandaoni za uandishi wa kitafiti kwa watafiti wa nchi kama yetu.

Na matokeo yarudi. Wageni wanaokuja kufanya utafiti nchini hupitia kibali cha COSTECH. Sioni ugumu wa kuweka sharti la kurasa mbili za Kiswahili mwishoni mwa kazi, ziachwe ofisi ya kijiji na kwa kikundi cha BMU cha mwalo husika. Mahakama zetu zilibadilishiwa sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha yake, baada ya miaka mingi ya mtu kutosoma hukumu yake mwenyewe.

Kabla sharti hilo halijawepo, mtaalamu akija mwaloni na kusema utafiti umeonyesha jambo, mwulize kwa heshima: ulifanyika wapi ziwani, mwaka gani, na mwandishi aliandika "huenda" au "bila shaka"? Majibu hayo hayahitaji Kiingereza. Mkiyapata, tutumieni kwa ujumbe mfupi tuyasome hewani.