Ajali ya Kabati la Vitabu Ina Kinga

Miongoni mwa kauli tunazozikimbilia upesi msiba unapotokea nyumbani ni ile isemayo kwamba ajali haina kinga. Kauli hii hufariji, nami siikatai mahali pake. Hata hivyo, zipo ajali ambazo kinga yake ni skrubu mbili na nusu saa ya fundi, na kwa hizo, nionavyo mimi, hatuna haki ya kuisema. Mojawapo ni ile ya kabati refu la vitabu linalosimamishwa kando ya ukuta bila ya kufungwa.

Nawaelekea walimu na wanafunzi kwa sababu makabati haya yamo majumbani mwao kuliko kwa wengine. Katika mitaa ya Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu hapa kisiwani Mombasa, vyumba aghalabu ni vyembamba, na mwenye vitabu vingi hana budi kuvipandisha juu. Kabati hukaribia dari, na chini yake ndipo watoto wanapolala na kudurusu.

Wazee wetu walilikwepa jambo hili. Katika nyumba za kale za mawe za pwani, ambazo Lamu zingali nyingi, vitabu na vyombo vya kaure viliwekwa katika zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta wenyewe. Kidaka hakimwangukii mtu. Sisi tumeitoa rafu ukutani tukaisimamisha peke yake, kisha tukasahau kuifunga.

Wanafunzi wa fizikia na wapige hesabu. Chukua kabati lenye urefu wa mita 2 na kina cha sentimita 30, lililojazwa vitabu sawasawa hadi likafika kilo 100. Likivutwa kutoka juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 8 tu, miguu yake ya nyuma huanza kuinuka. Na likishainama nyuzi 9, halirudi tena. Mtoto wa miaka minne apandaye rafu kama ngazi ana nguvu hiyo na zaidi. Isitoshe, sakafu za ghorofani zilizowekwa juu ya boriti nyingi hazikunyooka, na kabati huenda limekwisha kuinama kabla hajaligusa mtu.

Hofu hii si ngeni. Inasimuliwa kwamba mwanachuoni Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karne ya 9, aliuawa na vitabu vyake mwenyewe vilipomwangukia. Kisa hicho huenda ni hekaya, lakini vifo vya zama zetu si hekaya. Mwaka wa 2016, kampuni ya IKEA ilitangaza kuyarudisha makabati ya nguo yapatayo milioni 29 nchini Marekani baada ya watoto kadhaa kuangukiwa na kufa. Desemba 2022 nchi hiyo ikatunga sheria ya kulazimisha makabati ya nguo yatengenezwe kwa namna isiyopinduka upesi. Kabati la vitabu halikutajwa humo, lakini uzito hausomi sheria.

Najua wapo watakaouliza: je, kuta zetu za kale zitobolewe? Swali ni la haki. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na palipo na nakshi au zidaka pasiguswe kabla ya kushauriana na afisi ya hifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa. Penginepo, kazi yafanyika bila ya madhara. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Lipu yake ni laini. Msumari mfupi hushika lipu tu, na siku ya mvuto hung'oka nayo. Skrubu sharti ipite lipu iingie jiweni, ndani ya kizibo cha plastiki kinachotanuka inapokazwa. Tundu litobolewe kwa keekee taratibu, bila ya kugongagonga, maana matumbawe humegeka. Tena mbali na nyaya za umeme. Vyuma viwili vya pembe vifungwe juu ya kabati, vikishika mbao zake nene wala si ubao mwembamba wa mgongoni. Kisha kamusi na vitabu vizito vikae chini, na juu pasiwekwe kitu kinachomtamanisha mtoto.

Wenye nyumba nao nawasihi. Mpangaji akiomba ruhusa ya matundu mawili, asijibiwe kwamba anaharibu ukuta. Tundu huzibwa kwa chokaa siku anapohama. Na mwenye nyumba asiyekubali kamwe, au ukuta usiofaa kutobolewa, basi dawa ni kabati fupi na pana, si kabati refu na dua.

Ombi langu kwa walimu ni dogo: somo la uzito na mizani likifika, wape wanafunzi kazi ya kwenda kulichunguza kabati la nyumbani kwao, kisha walete jibu kama limefungwa au la. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta twaweza kuujenga upya. Mtoto aliyeangukiwa hatutampata tena.