Redio kuukuu ndiyo inayotufaa

Vijana wanaopita kwangu hapa Kitomanga wakiiona Kenwood TS-430S juu ya meza hudhani ni kitu cha makumbusho. Redio hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1983, wengi wao hawajazaliwa. Mimi nasema wazi: kwa mtu wa mwambao huu wa Lindi na Kilwa anayetaka kuingia kwenye redio ya ridhaa, yaani mawasiliano ya watu binafsi wenye leseni ambao hawalipwi wala hawafanyi biashara hewani, redio kuukuu ya namna hii ni bora kuliko mpya. Nasema kama fundi. Nilitengeneza redio koli za misheni na za vituo vya afya kabla minara ya simu haijafika huku, na najua kipi kinadumu kwenye hewa ya chumvi na kipi hakidumu.

Wapo watakaouliza redio ya upepo ni ya nini siku hizi, wakati simu imo kila mfukoni. Tukumbuke Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu tarehe 4, mvua ikafurika, na barabara ya Dar es Salaam–Lindi ikakatika huko Kilwa. Tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikapata hitilafu, intaneti ikayumba nchini kote na kwa majirani. Mnara wa simu unakula umeme. Umeme ukikatika unakula dizeli. Na dizeli inaletwa kwa barabara ileile iliyochukuliwa na maji. Redio yangu inahitaji betri ya volti 12, paneli ya sola na waya wa mita kama 20.

Waya huo haudai mnara. Ufunge kati ya mnazi na mwembe, mita chache tu juu ya ardhi, kisha urushe mawimbi ya megahezi 7 mchana. Kwa kuwa waya uko chini, mawimbi hupanda karibu wima, hugonga tabaka la anga la ionosfea na kurudi chini kama mvua, yakifunika mamia ya kilomita kuuzunguka mji wako. Vilima havizuii kitu. Masasi, Songea, Dar es Salaam, zote zimo ndani ya duara hilo.

Bahari yetu imeshawahi kutoa ushahidi. Desemba 2004 kundi la wanaredio wa ridhaa wa India, likiongozwa na Bi. Bharathi Prasad, lilikuwa Port Blair katika visiwa vya Andaman likizungumza na ulimwengu kwa kujifurahisha tu. Tarehe 26 tsunami ikapiga, simu zikazima. Redio zao ndizo zilizopeleka habari za waliopona na waliopotea mpaka bara. Tsunami ileile ilifika hadi Tanzania na kuua watu.

Sasa kununua. Redio kuukuu usinunue kwa picha. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, na uisikilize kwanza. Sauti inayokatika unapozungusha kitasa ni uchafu tu, lakini sikio lisilopokea chochote kwenye bendi moja huku nyingine zikipokea ni kazi. Kisha mwambie arushe mawimbi kwenye kipingamizi cha omu 50 badala ya antena, ukiitazama mita. Redio ya wati 100 isiyofikisha hata 60 imechoka transista za mwisho, na transista hizo zimeadimika. Tazama skrubu: zilizoliwa vichwa zinakuambia kuna mtu aliyeingia humo na bisibisi mbovu. Nusa. Harufu ya kuungua haiishi miaka na miaka.

Hii yangu nilipoifungua niliona viunganishi vya nyaya vimeota ukungu wa kijani. Nilichomoa kimoja baada ya kingine, nikasafisha kwa spiriti na mswaki, nikarudisha. Halafu nikapitia bodi kwa kioo cha kukuzia, nikitafuta kile kiduara chembamba cheusi kinachozunguka mguu wa kipuri pale risasi ilipoachia. Kila kilipoonekana, nililehemu upya. Redio iliyokuwa ikizima yenyewe joto likipanda ikatulia. Hapo ndipo hoja yangu ilipo: kipuri kinaonekana kwa macho, kinashikika kwa koleo, na fundi wa Kitomanga anakifikia. Za leo zina vipuri vidogo kuliko punje ya ufuta, vimebanana kwenye bodi moja. Ikifa, unaambiwa uirudishe kiwandani.

Si kila ya zamani inafaa. Yaesu FT-101 na Kenwood TS-520 zinapendeza, ila hatua ya mwisho ni ya valvu; ndani mna mamia ya volti yanayoweza kuua hata baada ya kuzima, na valvu za FT-101 ni tabu kuzipata. Mwanafunzi asianzie hapo. Icom IC-751 nayo ina kadi ya kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo: betri ikiisha, redio inasahau hata kufanya kazi. Uliza ilibadilishwa lini kabla hujatoa hela.

Na leseni kwanza. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kurusha mawimbi bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na alama ya wito ya Tanzania huanza na 5H. Anayekuuzia redio akikwepa swali la karatasi, achana naye.

Ninachokiomba ni hiki. TCRA iwafikie vijana wa Lindi na Kilwa kwa mafunzo, mtihani na leseni papa hapa mkoani, na walimu wa fizikia wa sekondari wawe wa kwanza kuitwa. Na nyinyi wenye stoo, iwe ya misheni, ya hospitali au ya mradi uliokwisha: redio koli zenu msiwape wanunuzi wa vyuma chakavu. Hata kama zimefungwa kwenye masafa ya taasisi na haziwezi kutumika kwa ridhaa, waya wa antena, kebo na mtambo wa kushusha umeme bado vina thamani kubwa kwa mwenye leseni anayeanza. Andikeni orodha, waulizeni TCRA utaratibu wa kuvihamisha, mvitoe kabla masika hayajaingia.