Gari Kwenda Upande

Katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, kuanzia Buruburu hata Umoja, vijana wamezuka na mtindo wa kushusha magari hata matumbo yakakaribia lami. Urembo siulaumu, sisi wa pwani tumechonga milango karne na karne. Ninaloliteta ni msumeno. Badala ya kununua springi fupi zilizoundwa kwa kazi hiyo, hukatwa mzunguko mmoja wa ile ya zamani, nayo huweza kuchomoka kikaoni mwake gurudumu likining'inia shimoni.

Hata springi sahihi zina adabu zake. Fundi akikaza bolti za bushi gari lingali juu ya jeki, mipira hujipinda, na huenda gari likasimama upande. Yampasa kwanza alishushe, alitikise, ndipo akaze. Kisha apime kutoka kitovu cha gurudumu hadi madigadi, pembe zote nne, mahali palipo sawa.

Ukaguzi ni dhamana ya NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Mkaguzi akitazama taa na honi tu, asichungulie chini, gari la msumeno litapita, na jioni litabeba watoto wa madrasa wa Pumwani.