Pipa la bei poa lisituharibie soko la rubisi

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa ndizi si chakula tu. Ni ada ya shule, ni mtaji wa mama anayeuza juisi, na ni kipato cha vijana wanaosomba rubisi kwa baiskeli na pikipiki kutoka vijijini kwenda sokoni.

Zamani ndizi mbivu zilikanyagwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti uliochongwa. Juisi ikaongezwa maji, ukatiwa unga wa mtama uliokaangwa, kisha ikaachwa ichachuke. Siku hizi pipa la plastiki la lita 200 na dumu la lita 20 vimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Hatupingi mabadiliko haya. Pipa halishiki kutu, husafishwa kirahisi, na lililokwisha kutumika huuzwa nafuu kuliko jipya.

Swali letu ni moja: kabla ya kufika kwako, pipa hilo lilibeba nini?

Mapipa mengi ya mtumba yalianza safari yakiwa na mzigo wa mtu mwingine. Lipo lililobeba mafuta ya kula au rojo la matunda, na lipo lililobeba kemikali za viwandani. Mzigo ukiisha, pipa hupita mikono ya wachuuzi kadhaa, na likifika gulioni limeoshwa linang'aa. Kwa macho, yote ni sawa.

Lakini plastiki si kioo. Baadhi ya kemikali hupenya ndani ya kuta zake, mahali ambapo sabuni na maji ya moto havifiki. Rubisi ina asidi na kileo, na ikikaa humo usiku kucha inaweza kuyavuta mabaki hayo. Mnywaji hatayaona.

Kuhusu viuatilifu hakuna mjadala. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, FAO na WHO, yanaelekeza kwamba vyombo vyake visitumike kamwe kwa chakula wala maji. Visuuzwe mara tatu, vitobolewe, visiwafae tena watu wengine. Hivyo basi, ndugu mkulima wa kahawa, dumu la dawa ya shambani lisiingie jikoni hata kama limeoshwa mara kumi.

Unaponunua, tafuta lebo ya mzigo wa kwanza. Kama imebanduliwa, jihadhari. Nusa ndani baada ya kulifunika kwa muda juani. Alama ya glasi na uma huonyesha kuwa plastiki hiyo inafaa kwa chakula. Pembetatu yenye namba 2 inakueleza aina ya plastiki tu, haikuelezi kilichobebwa. Herufi UN zina maana kwamba pipa lilipimwa kwa ajili ya mizigo ya hatari. Si lazima liwe lilibeba sumu, lakini ni sababu ya kuuliza zaidi. Usipopata jibu, litumie kwa kazi nyingine isiyohusu chakula wala maji ya kunywa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme pipa lisilojulikana ni sh 40,000 na lililotoka kiwanda cha vyakula ni sh 60,000. Umeokoa sh 20,000. Pipa moja hutoa madumu 10. Ukiuza dumu sh 8,000, mzigo wako ni sh 80,000. Mzigo mmoja tu ukikataliwa kwa harufu ya dawa, umepoteza mara nne ya ulichookoa. Na hapo hatujahesabu mgonjwa.

Wakulima wetu wamezoea kuuza kahawa kwa pamoja kupitia vyama vya msingi. Njia hiyo hiyo inafaa kwa mapipa: kikundi kiagize moja kwa moja kutoka viwanda vya vyakula, kipewe risiti, na kila pipa liandikwe lilikotoka. Halmashauri zote mbili nazo ziwatake wauzaji wa mapipa katika minada na magulio watenge ya chakula na ya kemikali. Usalama wa chakula uko chini ya TBS tangu mwaka 2019, na viuatilifu viko chini ya TPHPA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Maofisa hawa wafike gulioni kuelimisha kabla ya kukamata.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Siku mtu mmoja atakapodhurika kwa rubisi iliyowekwa kwenye pipa la sumu, mnunuzi hatauliza ni ya nani. Ataacha kununua ya Karagwe na ya Kyerwa yote.