Pishi Haipimi Nguo

Kila mwaka orodha za vyuo vikuu vya ulimwengu hutangazwa, na wazazi na wanafunzi huzipokea kama hukumu ya kadhi. Chuo cha kwanza chatukuzwa, cha mia tano chadharauliwa, na ni wachache waulizao mizani hiyo imetengenezwa na nani, na kwa kupimia nini. Nasema wazi: achaguaye chuo kwa nambari ya orodha amewaachia wengine kazi ya kufikiri iliyo yake.

Tuitazame orodha ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003. Waanzilishi wake walitaka kujua vyuo vya China vilikuwa nyuma kiasi gani ya vyuo mashuhuri vya dunia. Haja hiyo ilikuwa halali. Lakini katika kila alama 100, alama 30 hutokana na tuzo za Nobel na nishani za Fields za wahitimu na walimu, na 20 nyingine hutokana na makala katika majarida mawili tu, Nature na Science, yote ya Kiingereza. Mtafiti wa tenzi za Lamu hana mlango wa kuingilia humo. Wala hapana hata alama moja kwa mwalimu aisahihishaye insha ya mwanafunzi mara tatu mpaka isimame. Pishi ni kipimo chema cha mchele. Mwenye kuipimia nguo atatembea uchi.

Kasoro ya pili ni kwamba baadhi ya orodha hutegemea maneno ya wapimwao wenyewe. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Columbia kilishika nafasi ya 2 katika orodha ya U.S. News. Februari 2022 profesa wa hisabati wa chuo hicho hicho, Michael Thaddeus, alionyesha hadharani kwamba hesabu zilizopelekwa hazikuafikiana na ukweli. Septemba mwaka ule chuo kilikiri makosa, kikateremka hadi nafasi ya 18. Je, walimu wake walipumbaa ghafula? Maktaba yake iliungua? La. Kilichobadilika ni hesabu za karatasini.

Atauliza mtu: mtoto wa mkulima asiye na jamaa chuoni ataongozwa na nini basi? Swali ni la haki, kwa kuwa shamba likiuzwa kwa ajili ya karo halirudi. Orodha yaweza kumwonyesha penye utafiti mwingi, na hapo manufaa yake hukoma. Yampasa aulize: nani atanifundisha somo langu? Darasani tutakuwa wangapi? Kati ya walioanza, wangapi humaliza, nao huenda wapi? Amtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, amsikilize.

Maswali haya yana jasho, na nambari haina. Ndiyo sababu nambari yapendwa; wala kupendwa si kusema kweli.